Ngoma Ndefu ya Jirani wa Chini

Nilipokuwa nikiishi Irving, kitongoji cha Dallas, ghorofa ya pili, katika nyumba za kupanga zilizo karibu na uwanja wa ndege, nilizoea kelele za kila aina. Ndege zilipita juu ya paa kuanzia alfajiri, na jirani wa kushoto alikuwa na mtoto aliyekuwa akijifunza tarumbeta. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi niliposikia ngoma chini ya sakafu yangu, nilidhani ni redio ya mtu. Lakini redio haikatizi wimbo katikati, ikanyamaza kidogo, kisha ikarudia pigo lile lile kwa sauti ya chini zaidi. Niliacha nguo nilizokuwa nikikunja nikasikiliza. Huyo alikuwa mtu anayetafuta sauti ya ngoma yake, na kazi hiyo mimi niliijua tangu utotoni.

Nilishuka ngazi nikabisha. Aliyefungua alikuwa mama wa Kithai niliyemjua kwa salamu tu, mjane wa miaka kama sitini, fundi wa kurekebisha nguo katika duka la dobi mtaa wa pili. Mara nyingi tulikutana kwenye chumba cha mashine za kufulia, tukasogezeana vikapu, basi. Siku hiyo alikuwa amevaa aproni, na vidole vyake vilikuwa vimepakaa kitu cha kijivu.

"Kelele, eh?" akasema. "Naacha sasa hivi. Samahani sana."

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja kuiona."

Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake na makosa yake, na miaka hiyo yote hatukuwa na lugha nyingine. Nikiandika maneno yake hapa kwa Kiswahili, ni kwa sababu ndivyo ninavyoyasikia kichwani sasa.

Ngoma ilikuwa imelazwa juu ya kochi kama mgonjwa. Ikisimamishwa ilinifika kifuani. Umbo lake lilikuwa la kinu ambacho mtu ameuvuta mguu wake mpaka ukawa mrefu na mwembamba, kisha ukapanuka tena chini. Juu ilikuwa na ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa kamba nyingi, na shingoni imefungwa kitambaa chekundu chenye marinda, kama sketi ya mtoto. Mezani palikuwa na bakuli la wali. Wali huo alikuwa ameuponda na kuuchanganya na majivu, na sasa alikuwa akiubandika katikati ya ngozi kidogo kidogo, akiusawazisha kwa kidole gumba. Anabandika, anapiga, anasikiliza. Anaondoa kipande, anapiga tena. Kila alipoongeza wali, sauti iliteremka ikawa nene.

"Lazima ile kwanza," akaniambia. "Isipokula inapiga kelele tu. Haiongei."

Nikakaa sakafuni bila kukaribishwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja Marekani, na sikukumbuka mara ya mwisho niliposikia ngoma ya ngozi kwa karibu namna ile. Kanisani kwetu tulikuwa na kinanda na drumu za kununuliwa dukani. Lakini kwetu, upande wa Kakamega, tuna isukuti, ngoma tatu zinazobebwa kwapani, kubwa, ya kati na ndogo. Mjomba wangu alikuwa akizianika juani kabla ya harusi, akizigeuza kama anayegeuza mahindi, na sisi watoto tulikatazwa hata kuziruka. Msichana hakuipiga isukuti. Kazi yetu ilikuwa kucheza kwa mabega. Katika kundi la ngoma la shule, mwalimu alitupanga mstari, akapita nyuma yetu na rula yake, akiligusa bega moja moja na kusema, "Hili limelala. Hili nalo limelala." Nilifika kidato cha pili bado nikiota ile rula.

Nilimsimulia hayo yote, na yeye akawa anabandika wali wake. Nilipomaliza akanisogezea ngoma.

"Jaribu."

"Kwetu wanawake hawapigi."

"Hata kwetu, mara nyingi ni wanaume," akasema. "Lakini wanaume wako wapi?"

Nikaipiga. Mkono wangu haukujua la kufanya, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayegonga mlango wa bafu. Alicheka, akanishika kiganja, akanionyesha mahali pa kupiga ili ngozi iachie.

Aliniambia kwa nini ameitoa ngoma ile kabatini. Ilikuwa ya mumewe. Kwa miaka mingi mumewe na wenzake saba walikuwa na kundi lao, wakicheza kwenye hekalu lao na kwenye harusi za Wathai wa Dallas na vitongoji vyake. Kisha mmoja alihamia California, mwingine akapata kiharusi, na mumewe mwenyewe akafariki. Sasa mwanawe wa pekee, mhandisi huko Houston, alikuwa anaoa binti wa familia kubwa ya Kithai ya Pearland, kando ya Houston. Harusi ilikuwa Aprili. Kwao, siku ya harusi, upande wa bwana harusi huandamana kwa miguu mpaka nyumbani kwa bibi harusi, wamebeba zawadi, ngoma ndefu zikiwa mbele na watu wakicheza. Wakifika, wanakuta njia imefungwa, na hawafunguliwi mpaka wajieleze.

Nikamwambia kwetu pia lango hufungwa. Wanawake wa upande wa mvulana huimba nje mpaka sauti zikauke.

"Basi unaelewa," akasema. "Mwanangu anasema tutaweka muziki kwenye spika. Nimemwambia hapana. Nimewaambia na wakwe zangu kwamba watu wangu wanakuja na ngoma."

"Watu gani?"

Akaendelea kufuta majivu vidoleni.

"Sijui bado," akasema.

Sikuwa na mpango wowote nilipofungua mdomo. Nilisikia tu mdomo wangu ukiuliza, "Unahitaji wangapi?"

*

Alinifundisha nimwite pii, neno ambalo kwao huitiwa dada mkubwa, hata asiye wa damu. Nikalizoea upesi, kwa sababu hata sisi hatuwezi kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu. Yeye akaniita mdogo wake.

Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwenye jiko linalopakia vyakula vya ndege. Tulisimama kando ya mkanda unaotembea, tukaweka mkate hapa, siagi pale, kijiko pale, trei baada ya trei, tumevaa kofia za wavu na makoti kwa sababu ya baridi ya chumba. Aliyesimama nami alikuwa mama mmoja Mkongomani aliyetoka upande wa Uvira, akapita kambini miaka mingi kabla ya kupelekwa Fort Worth. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na katika kanisa lao ndiye aliyepiga ngoma za kwaya. Nilimwita Mama Fizi, kwa sababu alikuwa akiizungumzia Fizi alikozaliwa kila siku ya Mungu. Nilimweleza habari ya Pii kati ya trei na trei.

Hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Dada, ile ngoma, kwabo iko ya kazi gani? Ya hekalu?"

"Sijui. Tutamwuliza."

Jumapili hiyo alikuja Irving na gari la shemeji yake, bado na nguo za kanisani. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kwa hiyo nikawa mkalimani. Alimwuliza Pii waziwazi kama ngoma hiyo ni ya mizimu. Niliona aibu kulitafsiri swali, nikajaribu kulilainisha, lakini Pii alielewa.

"Mwambie ni ngoma ya mavuno na ya harusi," akasema. "Watu wakishavuna mpunga wanacheza na kulewa. Na hekaluni pia tunaipiga, sherehe zikiwepo. Siwezi kumdanganya."

Mama Fizi aliitazama ngoma muda mrefu. Akaizunguka, akagusa kamba, akagusa sketi nyekundu.

"Mi nitaomba kwanza," akasema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Wiki nzima kazini hatukuligusa jambo hilo. Nilijua simwulizi, naye alijua ninangoja. Ijumaa, tukivua makoti, akaniambia kama anayezungumzia hali ya hewa, "Nimeomba. Sikukatazwa."

*

Tukawa sita. Mimi, Pii, Mama Fizi na wifi yake, na wasichana wawili Wakenya waliopanga nyumba moja kwenye ghorofa yangu, wote wanafunzi wa uuguzi. Hao wasichana walikuja mwanzoni kwa ajili ya chakula. Mazoezi tulifanyia Fort Worth, kwenye maegesho ya magari nyuma ya kanisa la kina Mama Fizi, kila Jumapili baada ya ibada, kwa sababu Irving meneja wa nyumba alikuwa ameshabandika karatasi ya onyo la kelele mlangoni kwa Pii.

Jumapili ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Pii alituonyesha mikono. Vidole vinakunjwa kwa nyuma kama ganda la ndizi, kiganja kinazunguka, kiwiko kinabaki laini, na mguu unakanyaga polepole, kisigino kikiinuka kidogo, kama mtu anayetembea ndani ya maji ya mpunga. Alivyofanya yeye, ulimwona msichana wa miaka kumi na minane. Tulivyofanya sisi, tulionekana kama watu wanaokausha rangi ya kucha.

Nami nikawaonyesha mabega ya kwetu. Wasichana walijua, Mama Fizi alijua namna yake, tukayaachia. Pii alishika mdomo kwa mikono miwili.

"Mtawaogopesha wakwe," akasema. "Watafikiri tumekuja kupigana."

Kwa majuma mawili hatukupatana. Akitupigia mdundo wake, tulichoka kwa upole wake. Ulikuwa mdundo unaokwenda kama unacheka, mapigo mawili madogo, pigo nene, kisha nafasi. Ile nafasi ndiyo iliyotutesa. Sisi nafasi tunaijaza. Mama Fizi hasa hakuweza kuiacha wazi. Kila ilipofika, mkono wake uligonga kwenye ndoo ya plastiki aliyokuja nayo, na Pii alisimama, akasema kwa adabu, "Hapo pumua." Mara ya tano au ya sita Mama Fizi akaniambia kwa Kiswahili, akijua Pii haelewi, "Mwambie mi napumua na mikono."

Nilimwambia. Pii alifikiri kidogo, akamwita, akamvalisha ile ngoma begani kwa mkanda wake. Yeye mwenyewe akachukua matoazi mawili madogo ya shaba, ya ukubwa wa vikombe vya kahawa, yanayolia ting. "Piga unavyotaka," akasema. "Mimi nitapumua."

Mama Fizi akapiga. Alianza na mdundo wa Pii kama alivyofundishwa, na nafasi ilipofika akaijaza kwa vipigo vidogo vya vidole, vya haraka na vya chini sana. Pii akaweka toazi lake juu ya vile vipigo, mara moja tu, ting. Wifi alikuwa ameshika chupa ya maji karibu na mdomo, na akasahau kunywa.

Kuanzia hapo ngoma yetu ilianza kutengenezeka. Mama Fizi ndiye aliyesema mikono iwe ya Pii na miguu iwe yetu. Mimi nikasema mabega tuyafiche mpaka langoni, tuyatoe pale tutakapokatazwa kupita. Wasichana wakaleta zamu za kupishana, wawili mbele, wawili nyuma, kama tulivyofanya mashuleni. Na Pii akatufundisha mwito wao. Mtu mmoja anapaza sauti ndefu, "Hooo," inayopanda na kupanda, na wengine wote wanaijibu kwa ukali, "Hiu!" Tuliposikia hivyo tukamfundisha vigelegele. Hakuviweza kamwe. Ulimi wake ulikuwa unatoa sauti ya birika. Alivifanya hivyo hivyo, tukamwacha.

Jumapili moja ya Februari barabara ziliganda barafu na hakuna aliyeweza kutoka. Pii alinigongea dari kwa ufagio. Nikashuka, tukafanya mazoezi wawili sebuleni kwake bila ngoma, kwa soksi, tukihesabu mdundo kwa mdomo. Tukiwa katikati alisimama akaniambia mumewe alikuwa akiipiga ile ngoma kwa kiwiko, kwa goti, hata kwa kipaji cha uso, ili watoto wacheke. Mwanawe alikuwa mdogo wakati huo, na ndiye aliyepewa matoazi.

"Siku hizi anasema alikuwa anaona haya," akasema. "Lakini picha ninazo. Alikuwa anacheka mpaka meno yote."

Tukarudi kwenye hatua zetu. Nje barafu ilikuwa ikidondoka kwenye mabomba.

*

Tulikwenda Pearland siku moja kabla ya harusi, kwa gari la kukodi la viti saba. Binamu yangu ana nyumba yake huko, muuguzi katika moja ya hospitali kubwa za Houston, na alikuwa ametutandikia magodoro sebule nzima. Ukishuka kutoka Dallas kwenda Houston mwezi wa nne unasikia hewa ikibadilika. Kaskazini upepo ni mkavu na kingo za barabara zimejaa maua ya bluu, lakini kadiri unavyoteremka hewa inakuwa nzito, na ukifungua mlango wa gari shati linakushika mgongoni. Pii aliigusa ngozi ya ngoma kila tuliposimama kuweka mafuta.

Asubuhi alipika wali jikoni kwa binamu, akailisha ngoma kwa uangalifu, akaifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Tukavaa sketi alizotushonea mwenyewe kutoka vitenge tulivyomletea, zilizokatwa kwa mtindo wao, na mbele zina mkunjo. Tukaenda mahali tulipoambiwa tukusanyike, bustani ndogo ya watoto mwanzoni mwa mtaa wa kina bibi harusi. Saa ya kuanza ilikuwa imechaguliwa na mtawa wao, saa tatu na dakika tisa, na haikuwa ya kuchezea.

Tulipofungua mlango wa nyuma wa gari tukakuta jokofu dogo la chakula limeiangukia ngoma. Kitambaa kilikuwa kimejikunja pembeni, na wali wote umekombwa, sehemu umemwagika kwenye zulia la gari, sehemu umegandamana na nywele na vumbi. Pii aliipiga ngoma kwa kidole. Ilitoa sauti ya kopo.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Hakulia. Alikaa tu kwenye ukingo wa gari, sketi yake mpya imejikunja, akatazama mikono yake.

"Acha aweke spika," akasema.

Mwanawe alikuwa amesimama chini ya mti na marafiki zake wachache, suti nyeupe, miwani ya jua. Alikuwa ametusalimia vizuri, kwa heshima, kama mtu anavyowasalimu wafanyakazi wenzake wa mama yake. Sidhani kama alielewa tumekuja kufanya nini.

Ni Mama Fizi aliyelifungua lile jokofu. Alikuwa amebeba fufu, ule ugali wa muhogo wa kwao, amesema tangu mwanzo kwamba harusini kwa watu hujui utakula nini. Akatoa bonge moja, akalinusa, akalikanda kiganjani.

"Dada, mwulize," akaniambia. "Fufu haiwezi?"

Nikamwuliza Pii. Aliligusa lile bonge, akalivuta kati ya vidole, likavutika bila kukatika.

"Majivu," akasema, akainuka.

Katika bustani kulikuwa na jiko la chuma la kuchomea nyama, lile la kila mtu, na ndani yake majivu ya mkaa wa wikendi iliyopita. Wasichana wawili walikimbia na sketi zao wakarudi na majivu kwenye kikombe cha karatasi. Tukakanda juu ya kifuniko cha jokofu, mikono minne kwa pamoja. Pii akabandika, akapiga, akasikiliza. Akaondoa. Akabandika. Mara ya nne ngoma ikashuka, ikanena. Ilikuwa sauti tofauti kidogo na ya wali, nzito zaidi, na ilikaa hewani kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea. Pii alimtazama Mama Fizi.

"Ya kwenu ni nzuri kuliko ya kwetu," akamwambia, na mara hiyo sikuhitaji kutafsiri.

Tukaanza saa tatu na dakika tisa. Pii alitangulia na ngoma yeye mwenyewe. Alikuwa amesema Mama Fizi ndiye atakayepiga, lakini alipofunga ule mkanda begani akabadili nia, na Mama Fizi akachukua upatu uliokuwa kwenye gari, mimi nikayabeba matoazi. Sisi tukafuata kwa mikono ya mpunga na miguu ya kwetu, nyuma yetu bwana harusi, rafiki zake na trei za zawadi. Watu wa mtaa walitoka na vikombe vya kahawa. Mzee mmoja aliyekuwa akikata nyasi alizima mashine yake akavua kofia, nadhani alidhani ni mazishi.

Katikati ya mtaa Pii aliinua mguu akaipiga ngoma kwa goti. Kisha kwa kiwiko. Kisha akainama, mama wa miaka sitini na zaidi, akaigusa kwa kipaji cha uso, na alipoinuka alikuwa na alama ya kijivu kati ya nyusi. Nilihisi mtu ananigusa bega. Alikuwa bwana harusi. Miwani alikuwa ameivua.

"Shangazi," akasema kwa Kiingereza, "naomba hayo matoazi."

Nikampa. Hakukosea hata mara moja.

Langoni, shangazi wawili wa bibi harusi walikuwa wameshikilia mkufu wa dhahabu kutoka nguzo hadi nguzo. Nyuma yao ukoo mzima ulikuwa umejipanga kwa hariri, watu hamsini au zaidi, na nyuso zao zilionyesha kwamba walikuwa wakitazamia watu wengine. Mmoja wa wale shangazi alitutazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaniuliza mimi kwa kuwa nilikuwa karibu naye.

"Nyinyi ni nani wake bwana harusi?"

"Mama zake wadogo," nikamjibu.

"Wote?"

Mama Fizi alielewa swali hilo. "Mimi shangazi," akasema kwa Kiingereza chake, akajipiga kifuani.

Yule mama akang'ata mdomo ili asicheke. "Hatujasadiki," akasema, akauinua mkufu juu zaidi. "Onyesheni."

Basi tukayatoa mabega. Nilikuwa sijacheza namna ile tangu shuleni. Ngoma ya Pii iliongeza mwendo kwa kadiri tulivyoongeza, Mama Fizi alizijaza nafasi kwa upatu, wasichana wakapishana, na mimi nikamsikia yule mwalimu nyuma yangu akipita na rula, na halikulala hata bega moja. Pii akapaza "Hooo," na tuliojibu "Hiu!" hatukuwa sisi peke yetu. Ukoo wa bibi harusi nao ulijibu, wazee kwanza. Mkufu uliteremshwa. Yule shangazi alituvika kila mmoja shada la maua shingoni, na alipofika kwa Mama Fizi akamrekebishia kilemba.

Baadaye tulikaa sakafuni kwenye mikeka na kula mpaka tukashindwa kuinuka. Mama Fizi alikula kila kilicholetwa.

*

Mwaka uliofuata Pii alihamia Pearland kumsaidia mkwewe kulea mtoto. Wasichana walimaliza masomo, mmoja yuko Kansas, mwingine sijui. Mama Fizi alinunua nyumba kusini mwa Fort Worth, akaacha kazi ya jikoni akaingia ghala moja karibu na kwake. Mimi nilisomea kutunza wagonjwa, nikahama Irving. Kanisa moja lilituomba tuicheze tena ile ngoma, tukajaribu na drumu za kanisani, lakini haikuwa ile. Video ya harusi ninayo, ila binamu yangu aliishika simu vibaya, na sehemu kubwa ni viatu vya watu na upepo.

Na hata hivyo si harusi ninayoikumbuka mara nyingi. Ninakumbuka zile Jumapili za Fort Worth kabla yake. Saa tisa jua likiwa limepita juu ya paa la kanisa, lami ina joto, tumevua viatu vya ibada na kuvipanga kando ya ukuta. Mtu amefungua sambusa kwenye foili. Pii ana kofia ya majani na sindano ameibana midomoni, anapima kiuno cha mmoja wetu huku mwingine anabishana kuhusu hatua. Ninazungumza lugha mbili kwa wakati mmoja na kuzichanganya, namwambia Pii kwa Kiswahili na Mama Fizi kwa Kiingereza, na wote wawili wanaitikia kwa kichwa kana kwamba wameelewa. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Kivuli cha ukuta kilitufuata taratibu kuvuka maegesho, nasi tulikuwa tukisogeza viatu vyetu mbele, juani, kila kilipovifikia.